Mistari Iliyonyooka ya Baba

Umeyaona. Usiseme hukuyaona. Kila mvua ikinyesha unafika pale kivukoni, unakuta maji mekundu yanakimbia kama yameiba, na wewe unafanya nini? Unavua viatu, unakunja nguo, unaruka, unaendelea na zako. Yale si maji machafu tu. Ni shamba la mtu linaondoka, nawe umelipisha njia kama linakwenda harusini.

Binti ninayekusimulia habari zake naye aliruka hivyohivyo, tena kwa miaka.

Aliishi na wazazi wake katika nyumba yenye msingi wa mawe, juu kidogo ya barabara. Asubuhi aliteka maji, akafagia uwanja, na msimu wa kulima alimshikia baba yake kamba. Baba alisimama juu ya mteremko na ncha moja, binti akashuka na ncha ya pili mpaka chini, wakaivuta hadi ikakaza, ndipo baba akainua matuta kuifuata. Kwa kazi hiyo baba alimbandika jina, Fundi Kamba. Matuta yao yalishuka yamenyooka kama meno ya kitana. Wapita njia walisimama kuyasifu, na baba akajifanya hasikii, ingawa tabasamu lilimponyoka.

Lakini sifa hazijazi ghala. Mwaka hadi mwaka mahindi yalizidi kuwa mafupi, na mawe yakatokeza katikati ya shamba kama magoti kwenye suruali iliyochakaa. Baba hakuwa mvivu. Alilaumu mbegu, akalaumu jua, akalaumu ndege. Jioni moja, akinoa jembe, alisema kwamba msimu huu nao ukiharibika ataliacha shamba, aende mbali kutafuta vibarua, na binti apelekwe kwa ndugu za mama yake. Alisema bila kumtazama mtu. Mama akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Begi la safari lilikwisha kutundikwa msumarini, karibu na mlango.

Wakati wa likizo akaja shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa fundi baiskeli, mikono myeusi kwa grisi, na kila mtu alimwita Mama Spoki. Alikuwa na gurudumu la mteja wa ng'ambo ya kilima, akamwomba binti amsindikize. Binti akapanda nyuma, gurudumu shingoni kama mkufu.

Njia ilipita katika mashamba ya kale. Kilima kizima kilikuwa kimekatwa ngazi pana, kila ngazi imekingwa na ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Waliozijenga kuta hizo walikufa zamani mno, hata majina yao hayakubaki. Kuta zilizunguka kilima, zikaingia kila bonde, zikatoka tena.

"Shangazi, hawa watu hawakuwa na kamba?" binti aliuliza.

"Kwa nini?"

"Kuta zao zimepinda kama nyoka aliyeshiba."

Shangazi alicheka mpaka ikabidi wasimame. Kisha akamwambia binti aingize mkono kwenye udongo, nyuma ya ukuta. Ukaingia mpaka kiwiko, ndani kuna ubaridi, na ulipotoka ulikuwa mweusi, nyungunyungu ananing'inia kidoleni. Shamba la baba yake lisingemeza hata kidole.

Mbele kidogo ukuta ulikuwa na pengo. Mawe hayapo. Kuanzia hapo kilima kilipasuka korongo la kumeza baiskeli na mwenye baiskeli, na pande zake zilikuwa nyekundu kama kidonda. Binti akauliza nani aliyeyachukua mawe.

Shangazi akamjibu, "Msingi wa nyumba yenu unaujua? Babu yako aliyabeba kwa mkokoteni. Nyumba ilipokwisha, watu walikuja kumpongeza. Hapa hakuja mtu kutazama."

Njia nzima ya kurudi binti alizigeukia zile kuta. Akili yake ilikuwa kwenye kamba. Ukuta uliopinda ulikuwa umeyaambia maji yasimame. Kamba yake ilikuwa imeyafungulia mlango.

Walipofika alimweleza baba yote, akimeza maneno kwa haraka. Akamwomba walime kwa kukata mteremko, si kushuka nao.

Baba akakunja uso. "Nikilima kwa kupindapinda, wapita njia watasema nimelewa."

"Mdogo wangu," shangazi akamjibu, "hao wapita njia wamewahi kukuletea hata gunzi?"

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Baba alitaka kukasirika, ikamshinda. Akakubali nusu ya shamba, ile ya upande wa jikoni, na nusu nyingine ikabaki na mistari yake.

Shangazi akaazima mpira mwembamba wa kupimia, ule unaoonyesha maji ndani, ambao waashi hutumia kusawazisha ukuta. Wakaujaza maji. Binti akashika ncha moja, baba ncha nyingine, wakasogea hadi maji yakalingana kwenye ncha zote mbili, na hapo wakapigilia vigingi. Vigingi vilipokwisha, mstari ulikuwa umepinda vilevile kama kuta za kilimani. Wakainua matuta kuufuata, na chini ya kila tuta wakapanga yale mawe yaliyotokeza shambani. Mtu mmoja alipaza sauti kutoka barabarani, akauliza kama siku hizi panalimwa kwa macho yaliyofumbwa. Baba akazama kwenye kazi.

Wakapanda pande zote mbili. Miche ilipochipua, mvua ilikuja kwa hasira, mchana kutwa. Wote walisimama mlangoni, begi likining'inia kando yao. Upande wa mistari iliyonyooka kila mfereji ukawa kijito, maji yakashuka mekundu, yakivuka barabara pamoja na miche na mbolea. Upande wa jikoni maji yalifika kwenye tuta, yakatuama, yakazama taratibu. Miche ilisimama.

Mvua ilipokatika, baba aliondoa begi msumarini. Binti akamkimbilia kumzuia. Lakini baba alitoa nguo ndani yake, akazitupa kitandani, akaingia shambani na kuanza kujaza mawe begini.

"Njoo, Fundi Kamba," alisema. "Lete mpira. Tuupime upande wa pili tupande upya, mvua bado zipo." Kisha, akiwa ameinama, akaongeza, "Miaka yote nilikuwa nalimia macho ya watu, mwanangu. Shamba zuri ni lile ambalo udongo wake umebaki ndani. Ukikua, usimwache mtu akudanganye, hata awe mimi."

Msimu huo ghala halikujaa, ila liliwatosha, na hakuna aliyepelekwa kwa ndugu.

Na wewe? Mteremko wa kwenu unaujua. Korongo la nyuma ya shule unalijua, limekua ukilitazama. Funga kitabu hiki. Tafuta mpira, vigingi na mtu mzima mwenye jembe, mkapime leo, kabla wingu halijafunga. Na ukipita penye ukuta wa kale ukakuta jiwe limeanguka, usiliruke. Inama, ulirudishe.