Nyama Nne za Meja

Paipu ya rejeta ilipasuka saa tano asubuhi, katikati ya pori lisilo na nyumba wala ng'ombe, na mvuke ukamchoma Koplo Fadhul mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Alitukana kwa Kinubi, akatukana kwa Kiswahili, kisha akakaa chini. Nyuma ya lori swala wanne walirusha mateke ndani ya masanduku yao ya mbao.

"Sista, leta maji!"

Akwero aliruka chini na dumu. Alikuwa muuguzi wa wanyama wa serikali, mkazi wa Bukoto, mwanamke asiyembembeleza mtu. Alimmwagia mkono kidogo, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa, kisha akalikalia dumu.

"Na injini?" Fadhul aliuliza.

"Injini haifi kwa kiu."

Lita kumi, basi. Watu wawili, swala wanne, jua la Januari, na barabara kuu waliiacha alfajiri, mbali huko magharibi.

Jana yake walikuwa kituoni, ng'ambo ya mto Kafu, mahali serikali ilipozalisha swala waliokuwa karibu kwisha nchini. Akwero alikitembelea kituo hicho kila mwezi kwa miaka mitatu, akawatibu kupe na vidonda, akawapokea watoto wao kwa mikono yake. Swala walibaki kumi na mmoja. Wengine askari waliwapiga risasi wakijifurahisha tu, washenzi wakubwa! Safari hii Fadhul alileta karatasi ya Meja, mkubwa wake jeshini: *Mpe dereva nyama nne, za wageni wangu, Jumamosi.*

Sasa, kwa Kiswahili chetu cha Kampala, anayetembea ni nyama na aliye kwenye sufuria ni nyama. Mzee Ongom, mtunzaji wa kituo, alielewa ni wanyama. Akwero pia. Wakaambiana kwamba wageni wa ng'ambo wanataka kuwaona swala, huenda serikali imeamka. Ongom akachagua wanne wazuri kuliko wote, mmoja jike mwenye mimba, ili wageni waone kazi yake. Aliwapiga brashi. Mzee wa watu, aliwapiga brashi!

Akwero alipanda nyuma kutafuta kipande cha mpira cha kufungia paipu. Chini ya turubai alikuta magunia mawili ya mkaa, mfuko wa chumvi, na visu viwili vya kuchinjia vilivyofungwa kwenye gazeti. Alirudi navyo mkononi.

"Hivi ni vya nini?"

Fadhul hakumtazama. "Nyama ni nyama, sista. Wewe ulifikiri Meja anafuga?"

"Ulijua! Umekaa pale, umekunywa chai ya mzee, ulijua!"

"Mimi napeleka tu. Nisipofika na nyama Jumamosi, mimi ndio nyama."

"Waliomchukua Okeny wangu ofisini walisema hivyohivyo," Akwero alifoka. Okeny alikuwa mumewe, polisi, na ulikuwa mwaka wa pili sasa bila kaburi. "'Sisi tunapeleka tu, mama.' Wote mnapeleka! Nani basi anayeua katika nchi hii?"

"Na hii njia ya ng'ombe nimepita kwa sababu ya nani?" Fadhul naye alifoka. "Kwenye kizuizi wangeuliza jina. Akwero! Wangesikia tu jina la Kiacholi, wangekushusha hapohapo, usionekane tena."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuudhi zaidi.

Walifunga paipu kwa utepe wa tairi, lakini rejeta ilitaka maji kuliko yote waliyokuwa nayo. Wakalala chini ya lori na kunywa kwa kizibo cha dumu, kizibo kimoja kila saa. Akwero aliwapa swala kwa kiganja, mmoja mmoja, na Fadhul akahesabu kila tone kwa macho. Midomo ilipasuka. Mkono wa koplo ulivimba ukatoa maji. Saa kumi dume la sanduku la tatu lilianguka, ulimi nje.

Fadhul aliinuka na kisu. "Toka, sista. Nimchinje akiwa hai, la sivyo ni kibudu."

Akwero alisimama mbele ya sanduku. "Anza na mimi."

Walisimama hivyo, wote wawili wakiyumba, mpaka yule dume akaacha kupumua. Fadhul alichungulia ndani. Manyoya yalikuwa bado yamelala upande mmoja, kama Ongom alivyoyaacha. Akarudisha kisu kwenye gazeti.

Ijumaa asubuhi dumu lilikuwa tupu. Walilamba umande kwenye turubai. Akwero akachukua nyundo.

"Nawafungulia. Waende wakatafute maji yao."

"Wakienda, mimi nakufa," Fadhul alisema. "Nina watoto watano, sista. Tumia akili."

"Na sisi tusipofika? Wafe ndani ya sanduku kwa ajili ya sahani ya nani?"

Alikuwa ameinua nyundo waliposikia injini. Lori la Jafar, mchuuzi wa mbuzi, lilikuja likiyumba kwenye njia ileile, nalo likikwepa vizuizi kwenda soko la Owino, Kampala. Jafar aliwaona, akasema "Yaarabi!" na kushusha maji. Walikunywa mpaka wakatapika, wakanywa tena. Akwero alibeba karai moja kwa swala, na Fadhul akajaza rejeta.

Fadhul aliwatazama mbuzi wa Jafar kwa muda mrefu.

"Sista, isome ile karatasi."

"'Mpe dereva nyama nne.'"

"Imesema swala?"

Akwero aliisoma tena. "Haikusema."

Jafar alipokea tairi ya akiba ya jeshi, akawachinja mbuzi wanne na kuwachuna, vichwa na kwato vikabaki porini. Fadhul mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, aling'oa misumari ya masanduku. Wawili walitoka mbio. Jike mwenye mimba alitoka mwisho, akamaliza maji kwenye karai, akaingia majanini taratibu upande wa kinamasi ambao Jafar aliwaonyesha.

Jumamosi mchana Akwero aliitwa kwenye mesi ya maofisa athibitishe kuwa nyama ni salama. Alithibitisha. Meja aling'ata paja, mafuta yakamtiririka kidevuni, akawageukia wageni.

"Hii ndiyo nyama wa pori! Mbuzi hana utamu kama hii." Kisha akamwona Fadhul mlangoni na bendeji yake. "Koplo! Mwezi ujao leta nane."

Nane. Kituoni walibaki saba. Akwero alihisi hasira imempanda mpaka kwenye meno, na akatamani nyama ile imkwame yule mtu kooni.

"Ndio, afande," Fadhul alijibu. "Nyama nane."

Nje, kwenye bustani, alimsogelea Akwero. "Jafar alisema anapita lini tena?"

Akwero alitema mate juu ya maua ya Meja.

"Alhamisi ya mwisho ya mwezi ujao," alisema. "Na safari hii, beba maji."