Kitambaa cha Nyanzala kwenye Gunia la Mbegu

Mimi Suzana nina wivu. Nasema mapema, msije mkanishangaa huko mbele. Mume wangu Machibya akisalimiwa na mwanamke kisimani, mimi nasikiliza kila neno. Akicheka, nauliza amecheka nini.

Mwaka 1995 tulikuwa tunaishi Kibaoni. Kila asubuhi Machibya alikamua ng'ombe. Mimi nilifagia uwanja, nikawasha moto, nikapika uji. Binti yetu Kashinje alikunywa uji wake, akaenda shule. Alikuwa darasa la pili. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne. Chakula kilikuwepo, lakini shamba letu lilikuwa dogo na limechoka.

Machibya akapata eneo la majaluba huko Majimoto. Majaluba ni mashamba ya mpunga yenye kingo za udongo za kuzuia maji. Akajenga na nyumba huko huko. Alisema tutahama mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Nilifurahi sana. Kisha nikasikia kwamba nyumba ina vyumba vitatu. Kimoja chetu, kimoja cha Kashinje na bibi yake, mama mkwe wangu. Cha tatu cha nani? Kwetu Wasukuma mwanaume akiongeza chumba, mke anaanza kujiuliza kama ataongeza na mke.

Jirani yetu alikuwa mjane mmoja jina lake Nyanzala. Nyanzala alikuwa amehama mara tano na ng'ombe wake, kutoka Shinyanga mpaka kufika huku. Mtu yeyote aliyetaka kuhama alimwendea. Machibya naye akaanza kumwendea. Alikwenda Jumatatu. Alikwenda Jumatano. Ijumaa nikamwona anachana nywele kwanza, ndipo anakwenda. Roho iliniuma, acha tu.

Akirudi, mdomoni ni Nyanzala tu. Nyanzala amesema tusihame kwa safari moja. Safari ya kwanza tupeleke vitu visivyotumika kila siku, na vyombo vya jikoni viende mwisho. Nyanzala amesema choo kichimbwe na paa litazamwe kabla watu hawajafika. Nyanzala amesema tuchukue barua ya uhamisho ya Kashinje kwa mwalimu mkuu, na mimi nimwambie nesi wa kliniki kwamba nahama. Kadi ya kliniki, kiberiti, sufuria moja, unga, chumvi, chandarua na nguo za kulalia vikae kwenye kapu moja. Kapu hilo mtu alishike mkononi, lisiingie chini ya mizigo.

"Na wewe Nyanzala amesema usibebe kitu," Machibya alimaliza.

"Nyanzala amekuwa mama mkwe wangu?" nilimuuliza.

Machibya alichukua kamba, akaenda kufunga ng'ombe. Mimi nikaona amenikimbia kwa sababu ana la kuficha. Lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo linakuja.

Siku mbili kabla ya safari ya kwanza nilikwenda kutazama magunia. Tulikuwa na magunia manne ya mpunga, yote yanafanana. Matatu yalikuwa ya kula. Moja lilikuwa la mbegu. Machibya aliichagua mbegu ile suke kwa suke wakati wa mavuno. Hatukuwa na mbegu nyingine. Nikaona shingo ya gunia la mbegu imefungwa kitambaa chekundu chenye maua ya njano. Nilikijua kitambaa kile. Kilikuwa kipande cha kitenge cha Nyanzala, kile anachovaa kwenda mnadani.

Kitenge cha Nyanzala ndani ya nyumba yangu! Sikuuliza. Sikufikiri. Nilichukua kisu, nikakikata kile kitambaa, nikakitupa motoni. Gunia nikalifunga kwa kamba ya katani kama mengine. Nikakaa pale nikikitazama kinavyoungua, na moyo ukatulia kidogo.

Na mambo mengine nikayafanya kwa kichwa changu. Kapu la mkononi sikutayarisha. Sufuria niliitia kwenye gunia la nguo. Kiberiti sijui nilikitia wapi. Kadi ya kliniki niliikunja ndani ya blanketi, na blanketi nikalifunga ndani ya mkeka. Mwalimu mkuu sikumwendea, na nesi pia. Machibya aliponiuliza kama kila kitu kiko tayari, nilimjibu kwamba mimi si mtoto.

Tulisafiri kutwa nzima na mkokoteni wa ng'ombe. Mimi, Kashinje na mama mkwe tulikaa juu ya mizigo. Tulifika Majimoto jioni, tumechoka na tuna njaa. Kashinje alilia anataka kula. Nilitafuta sufuria, sikuiona. Nilitafuta kiberiti, sikukiona. Tulifungua gunia hili na lile pale uwanjani mpaka giza likaingia, vitu vikatapakaa kwenye vumbi. Mwishowe mama mkwe alikwenda kuomba moto na chungu kwa watu ambao hata majina yao hatukuyajua. Aliona aibu, lakini hakunisema. Tulilala bila chandarua.

Asubuhi Machibya alikwenda kutazama majaluba. Mimi nikataka kumfurahisha, apate wali akirudi. Nikachagua gunia moja la mpunga. Kijana wa mashine ya kukoboa alikuja na baiskeli, akalichukua. Mchana akarudisha mchele, mweupe, mzuri. Nilipika wali wa kushiba.

Machibya alikula. Kisha akaushika mchele uliobaki, akautazama karibu. Aliinuka, akaenda kwenye magunia. Akafungua la kwanza, la pili, la tatu. Alichota mpunga kwa kiganja, akaumwaga. Aliporudi alikuwa amebadilika uso.

"Mama Kashinje, kitambaa chekundu kiko wapi?"

Sikuweza kusema uongo. Nilimwambia nimekichoma.

Machibya alikaa chini kwenye udongo. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu kwamba mchele hauoti. Ni kweli, mpunga ukishakobolewa hauoti tena. Mvua zilikuwa zimebakiza majuma matatu, na sisi tuna majaluba mapya hatuna mbegu. Ile mipunga mingine ilikuwa mchanganyiko. Ukiipanda, huu unaiva leo na ule mwezi ujao, ndege wanamaliza wote. Nililia mpaka kichwa kikauma. Hasira ni hasara, na hasara yenyewe nilikuwa nimeila na kitoweo.

Siku ya tatu tulirudi Kibaoni na mkokoteni mtupu kuchukua vitu vilivyobaki. Kashinje tulimwacha na bibi yake. Tulipofika, nilikwenda peke yangu kwa Nyanzala. Nilimkuta anapepeta mahindi. Nilimwamkia, nikamweleza yote, kuanzia kitambaa mpaka mashine. Nilimwambia na sababu. Nilimwambia nilidhani anataka chumba cha tatu.

Nyanzala aliweka ungo chini. Nilingoja anifukuze.

"Mdogo wangu," alisema, "unajua mumeo alikuja kuniuliza nini?"

Nilisema sijui.

"Aliniambia mlipohama kutoka Inyonga ulibeba jiwe la kusagia kichwani, mimba ikatoka. Akaniuliza, safari hii nifanye nini mke wangu asichoke? Alilia hapo hapo ulipokaa. Hicho chumba cha tatu ni cha kuweka mpunga. Mimi ndiye niliyemwambia, asije akauweka mlimolala, panya wakawasumbua na mtoto mchanga. Na kitambaa nilichana mwenyewe, kwa sababu chekundu kinaonekana mbali."

Mwaka ule wa Inyonga Machibya hakulia mbele yangu. Nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa amekaa nalo miaka mitatu, na mimi nachunguza nywele zake. Niliona haya hata pa kutazama sikupaona.

Kuhusu mbegu, Nyanzala alisema mchele ule si hasara yote, maana chakula ni chakula. Yeye alikuwa na mbegu ya kumtosha na kuzidi. Tukakubaliana tubadilishane, mchele wangu ulioko Majimoto kwa mbegu yake. Kisha akauliza vimebaki vitu gani. Nikamtajia. Akaniambia nianze kwa kuvitenga: vya kwenda, vya kugawa na vya kutupa. Chungu kilichopasuka usikihamishe, alisema, utakuwa unahamisha uchafu.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Aliniandikia barua ya uhamisho. Nilikwenda kliniki, nesi akanieleza zahanati ya kwenda na siku ya kupima wajawazito. Nilipita kwa majirani kuaga. Nilirudisha kinu cha watu, nao wakaturudishia jembe letu. Magunia tuliyaweka alama. Mbegu kitambaa chekundu, mahindi cheupe, vyombo cheusi. Kuku tuliwatia kwenye tenga siku ya mwisho kabisa, wamekunywa maji. Kapu la mkononi nililipanga mwenyewe, na kila kilichoingia nilikitaja kwa sauti. Vizito alibeba Machibya. Vingine alibeba Nyanzala, maana alisema atatusindikiza mpaka Majimoto akatazame nchi.

Tuliondoka alfajiri na baridi. Tulifika kabla ya saa nane. Nusu saa haikupita, moto uliwaka na maji ya chai yalikuwa jikoni. Kila mzigo ulijua mahali pake. Jumatatu Kashinje aliingia darasani na barua yake.

Mbegu ile tuliipanda kwa wakati. Mwezi wa tatu nilijifungua salama mtoto wa kiume. Mwezi wa sita tulivuna, na chumba cha tatu kikajaa. Siku hizi mtu wa hapa akitaka kuhama, anakuja kuniuliza mimi. Nikimaliza kumweleza, namwambia aende akamweleze na mkewe, wakae wote wawili wapange pamoja.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni lile la siku tulipofika na safari ya pili. Mkokoteni ulisimama. Machibya aliacha ng'ombe, akaja moja kwa moja kwangu, akanipokea kapu. Lilikuwa jepesi, lakini alinipokea. Nyanzala alikuwa nyuma yetu na beseni la vyombo kichwani. Alisimama akitutazama.

"Wewe ulikuwa unanionea mimi wivu," aliniambia taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wewe. Nimehama mara tano. Mara tatu za mwisho nimefika ugenini nikasimama na mzigo hivi hivi, hakuna wa kunipokea."

Nilimgeukia mume wangu.

"Baba Kashinje," nilimwambia, "mpokee Nyanzala mzigo."