Bembea ya Sebuleni

—Shikilia huo upande! Ukiachia, kiuno changu kwisha habari.

Dereva alikuwa juu ya stuli, drili mkononi, vumbi la ukuta limemjaa kwenye nyusi. Mkewe, fundi cherehani, alishikilia ncha ya turubai huku akicheka. Alilishona mwenyewe kwa sindano ya kushonea mabegi, maana mumewe alitamani bembea ya kulalia hapo sebuleni. Miaka kumi na tisa mume aliendesha malori ya masafa marefu: siku tatu nyumbani, wiki sita barabarani. Sasa macho yamemstaafisha, amerudi moja kwa moja.

—Haya bibie, panda wewe kwanza.

Akapanda. Bembea ikampeleka huku na huku, miguu juu, feni inampepea.

—Jamani! Kumbe raha ndiyo hii?

Usiku huo mumewe hakuja chumbani, alilala kwenye bembea. Usiku wa pili vilevile. Wiki ya tatu fundi akamuuliza:

—Kitanda kina kunguni?

—Hapana. Mgongo tu.

—Mgongo?

—Ndiyo.

Basi, hayo ndiyo yakawa maongezi ya kutwa nzima. Fundi akampigia dada yake.

—Dada, nimeachwa.

—Mungu wangu! Ameenda wapi?

—Yupo sebuleni.

Jumamosi mchana fundi alijifungia chumbani. Ujumbe ukaingia, wa mumewe: “Umekula?”

Akajibu: “Uko hatua kumi kutoka hapa. Njoo uniulize.”

Kisha simu ikaita.

—Usikate, tafadhali. Kwenye simu naweza.

Ilikuwa sauti ileile ya miaka yote, laini, isiyo na haraka. Hakuwa ameisikia tangu arudi.

—Unaweza nini?

—Kuongea na wewe. Nilikuwa natundika bembea chini ya lori, nakupigia, nakuona kabisa. Sasa nikilala karibu yako namwona mama mtu mzima, na sikuwepo alipokuwa anakua hivyo. Naona haya, kama mgeni.

Fundi alikaa kitako sakafuni.

—Miaka kumi na tisa nalala ukingoni, nakuachia nafasi yako. Umerudi, bado nalala ukingoni. Afadhali zamani, nilikuwa na tarehe ya kusubiri.

—Sikujua.

—Ungejuaje? Na mimi nakuogopa. Unakoroma kama unabadilisha gia.

Dereva akacheka. Fundi alikisikia kicheko mara mbili, kwenye simu na nyuma ya mlango. Akafungua, akaenda hadi kwenye bembea alimolala mumewe.

—Sogea.

—Hatutaenea humu.

—Wewe sogea tu.

Haikuwa kazi ndogo. Alitia mguu mmoja, bembea ikakimbia. Alipotia wa pili, goti likamtwanga mwenzake tumboni. Nusura wote wawili waende chini. Ilipotulia, turubai lilikuwa limewabana uso kwa uso, hakuna pa kukwepeshea macho.

—Umepata mvi kwenye kope, fundi akasema.

—Tangu lini?

—Mimi ndiye wa kukuuliza.

Machozi yakamtoka fundi. Alikuwa amezoea kulia peke yake, amejifunza kufanya hivyo bila sauti, na hakujua mtu akilia mbele ya mwenzake hushika wapi. Mkono ukatangatanga hewani kidogo, kisha ukashika kola ya shati la mumewe. Dereva akaufunika mkono ule kwa wake, na bembea ikaendelea kwenda taratibu, huku na huku.