Breki ya Kigari Ilikuwa Mbovu, Nilijua, Nikamwachia Mama Mkwe Lawama

Nina miaka thelathini na moja. Ni fundi cherehani, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja wa kike anayeitwa Tusekile. Nimezaliwa Kihesa, Iringa, nikaolewa Mbeya, na nyumba yetu iko mtaa wa Soweto, hukohuko Mbeya. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo ndugu msomaji nivumilie, nitaeleza kama ninavyojua. Siandiki ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu mtu niliyemkosea yuko kaburini, na nilipata nafasi nyingi za kumwambia ukweli akiwa hai... sikumwambia.

Tusekile alipofikisha miezi saba ilibidi nirudi kwenye cherehani. Mume wangu ni seremala, ananunua mbao Mafinga na kutengeneza vitanda na makabati. Akamwomba mama yake aje kutoka kijijini, upande wa Tukuyu, atusaidie kulea. Mama alikuja na mkungu wa ndizi na kitenge chake cha kubebea wajukuu. Lakini siku ya tatu tu nikamwona anashika kiuno kila akiinuka. Alikuwa amebeba watoto saba na wajukuu sijui wangapi kwa mgongo huohuo. Ulikuwa umechoka.

Ndipo mimi nikaleta wazo la kigari cha mtoto.

Tulikwenda dukani wote wawili, mimi na mume wangu. Kulikuwa na vya magurudumu manne, vipana, vizito, na kulikuwa na kimoja cha magurudumu matatu, chembamba, cha rangi ya kijivu. Muuzaji alikikunja kwa mkono mmoja kikawa kama mwavuli mkubwa. Akasema kinaingia hata chini ya kitanda. Moyo wangu ukakaa palepale. Nyumba yetu ni chumba na sebule, na nilikuwa nimeshawaza safari ya kwenda kumwonyesha baba yangu mjukuu wake. Hicho kingeingia kwenye buti la basi bila maneno.

Mume wangu akakizunguka kama anavyozunguka kabati la mtu mwingine.

“Mbele gurudumu moja? Si bajaji hii?”

“Na bajaji si inabeba watu, shemeji,” muuzaji akamjibu.

Mume wangu hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba stuli ya miguu mitatu haiyumbi, lakini ukiikalia pembeni inakulaza chini. Alitaka cha magurudumu manne. Nikamwambia hicho anachotaka yeye ni meza, si kigari, na mama yake hataweza kukisukuma. Tulibishana pale mbele ya watu mpaka akachoka.

“Haya, chukua,” akasema. “Ila kikiharibika usiniletee.”

Maneno hayo matatu ya mwisho nimeyawaza sana. Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu yeyote aliyeshindwa ubishi anavyosema. Lakini mimi niliyabeba kama kiapo.

Tulipokifikisha nyumbani mama mkwe alikitazama akashika kidevu.

“Kwetu tunasukuma toroli,” akasema. “Na ndani yake kuna ndizi.”

Hata hivyo baada ya wiki moja alikuwa anakipenda kuliko mimi. Alikuwa anamsukuma Tusekile uani, anamwimbia nyimbo za kwao, majirani wanamtania, “Mama, leo gari lako lina abiria?” Naye anawajibu, “Lina abiria, ila halipi nauli.” Alikuwa mtu wa hivyo. Hakuwahi kuniita mkwe. Aliniita mwanangu.

Breki ya kigari kile ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, nyuma. Ukikanyaga, inalia tak, magurudumu ya nyuma yanakamata. Mwezi wa pili hivi tangu tukinunue niliegesha nje ya kanisa, kwenye kimteremko kidogo, nikakanyaga, ikalia tak kama kawaida. Nilipogeuka kumsalimia mwenzangu, nikaona kigari kinatembea... polepole, kama mtu anayenyata. Nikakidaka. Hakuna aliyeona.

Nilikikagua nikiwa peke yangu. Breki ililia, lakini haikushika. Ungeisikia ungeamini.

Ndugu msomaji, mume wangu ni fundi. Ana bisibisi, ana koleo, ana waya, ana kila kitu. Ingemchukua muda wa kunywa chai kuirekebisha. Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu ya “usiniletee.” Niliona nikimwambia atanitazama tu, hatasema neno, na hilo ndilo nililoliogopa. Nikaanza kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kila nikiegesha mahali penye mteremko. Mama mkwe sikumwambia pia. Nilijipa moyo kwamba yeye anakisukuma uani tu, na uani petu ni tambarare.

Tusekile alipokuwa na miezi kumi na moja tukasafiri kwenda Iringa. Mume wangu alibaki, alikuwa na kazi ya watu. Tulikwenda mimi, mama mkwe na mtoto. Mama alikuwa hajawahi kufika kwetu tangu niolewe, kwa hiyo alinunua kitenge kipya, nikamshonea mwenyewe. Njiani aliniuliza mara mbili baba yangu anapenda kusalimiwaje.

Wanaojua Kihesa wanajua vilima vyake. Kwa baba ni juu, na mbele ya geti njia inateremka mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mama alikuwa anasukuma kigari, mimi nyuma yake nimebeba mabegi mikono yote miwili na mkungu wa ndizi kichwani. Kama hatua kumi hivi kati yetu.

Baba akatoka getini. Akamsalimia kwa Kihehe, “Kamwene, mama.”

Mama mkwe alilelewa zamani. Kwake yeye, mkwe hasalimiwi umesimama, wala hasalimiwi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kitu. Unaacha ulichoshika, unapiga magoti, unatoa mikono miwili. Nilimwona akisogeza kigari pembeni. Nilimwona akitazama chini, akitafuta breki kwa mguu wake. Akakanyaga. Ikalia tak. Mama akaridhika, akapiga magoti.

Mimi nilijua.

Nilikuwa na muda. Nisiseme uongo hapa, maana hata Mungu ananiona ninavyoandika. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele, “Mama, shika!” Mdomo niliufungua. Lakini kwetu salamu ya wakwe haikatizwi. Nitamkemeaje mama mkwe wangu, amepiga magoti mbele ya baba yangu, siku ya kwanza wanaonana? Na nikimwambia breki mbovu, si wote watajua kwamba nilijua? Nikasema moyoni, ngoja, labda leo itashika...

Haikushika.

Kigari kilianza kwa kunyata kama siku ile ya kanisani. Halafu gurudumu la mbele likageukia bondeni. Nilitupa mabegi, nilitupa ndizi, nikakimbia. Nilikuwa nimechelewa. Kilipofika kwenye ukingo wa mtaro kililala ubavu, kikaingia ndani na mtoto wangu akiwa amefungwa humo.

Sitaeleza mlio wake.

Mungu alimwacha hai. Alivunjika mfupa wa paja, na kichwani alipasuka kidogo juu ya jicho. Hospitali walimlaza chali, miguu yote miwili imefungwa na kuning'inizwa juu, mtoto wa miezi kumi na moja, anatutazama hajui amekosa nini. Mama mkwe alikaa sakafuni karibu na kitanda, kitenge kipya kina tope, anarudia neno moja tu.

“Nimeachia mkono. Mimi ndiye nimeachia mkono.”

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Sikumjibu.

Mume wangu alifika kesho yake. Alimtazama mtoto, akatoka nje kwenye korido, tukamfuata. Aliniuliza mimi kwanza.

“Kigari si kina breki?”

“Kinayo.”

“Sasa ilikuwaje?”

Nikasema, “Sijui. Labda Mama hakukanyaga vizuri.”

Ni hayo. Ndiyo maneno niliyosema. Nimeyaandika kama yalivyotoka ili nisije nikayapunguza. Mama mkwe aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha. Mume wangu akamgeukia.

“Mama, umelea watoto saba. Huyu mmoja ndiye amekushinda?”

Mama alijifunga kitenge vizuri, akarudi ndani kukaa sakafuni.

Tuliporudi Mbeya mtoto akiwa na plasta ngumu mguuni, na kigari kimekunjwa kwenye buti la basi, mama alikaa siku chache tu. Wifi yangu mkubwa alikuja kumchukua. Mume wangu hakusema aende, na hakusema abaki. Mama aliondoka asubuhi, mwanaye yuko karakana.

Baada ya hapo habari zilikuwa zinatufikia. Kwamba Mama hashiki tena mtoto wa mtu. Kwamba wifi yangu mdogo alijifungua, akampelekea kichanga ambariki, Mama akaweka mikono nyuma akasema abarikiwe na mtu mwingine. Kijijini watu wakaanza kusema bibi yule ana mikosi na watoto. Yeye alikuwa hakanushi. Nilikuwa nasikia hayo nikiwa kwenye cherehani, nashona, nakata uzi, nashona tena.

Nilisema nitamwambia. Nilipanga siku. Tusekile alipoanza kutembea, anachechemea kidogo, nilimchukua nikaenda naye kijijini bila kumwambia mume wangu. Mama alinipokea vizuri. Alipika ndizi, akanichagulia kipande cha nyama kilicho laini. Mtoto alipomkimbilia na mikono juu, Mama akarudi nyuma.

“Mkalishe hapo kwenye mkeka, mwanangu. Mimi nitamwangalia kwa macho.”

Nilikaa pale kutwa nzima. Neno lilikuwa kooni. Kila nikitaka kulisema anaingia mtu, au Mama anaanza kuniuliza habari za kazi, au mimi mwenyewe najiambia tumalize kwanza kula. Jioni nikapanda gari nikarudi Mbeya. Aliniaga kwa kusimama mlangoni... mikono nyuma.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja wifi alipiga simu kwamba presha imepanda na Mama amefariki akipelekwa hospitali. Mume wangu alikuwa ameshika randa ya mbao. Aliiweka chini taratibu sana, kama anayeogopa kuiamsha. Alikuwa hajamsemesha mama yake vizuri tangu Iringa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana, ukoo ulikaa palepale kijijini kikao cha kumaliza msiba. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyekiongoza. Aliuliza kama wanavyouliza siku zote, “Kama kuna mwenye neno na marehemu, aliseme hapa. Tusije tukalisikia barabarani.”

Alikuwa anakaribia kuendelea.

Nikasimama. Nikasema breki ilikuwa mbovu. Nikasema nilijua kwa miezi. Nikasema Mama aliikanyaga vizuri, kwa macho yangu nilimwona, na nikamsingizia. Nilisema yote mpaka la kwenye korido. Mwanamke mmoja nyuma akasema, “Mkalisheni huyo.” Wifi yangu mkubwa akasema, “Mwacheni aseme.”

Kisha wifi akasema jambo ambalo sitalisahau mpaka nami nifukiwe.

“Mama alijua.”

Alieleza kwamba asubuhi ile alipokuja Soweto kumchukua, alimkuta Mama uani peke yake na kile kigari. Anakikanyaga breki, anakisukuma, kinakwenda. Anakikanyaga tena, kinakwenda. Wifi akataka kumpigia kaka yake simu palepale. Mama akamshika mkono.

“Alisema, ‘Acha. Huyu ni mtoto wa watu, yuko mbali na kwao, na mtoto ana plasta. Mwanangu ana hasira, akijua atamrudisha Iringa. Hasira ya mwanangu mimi naiweza, nimemzaa.’”

Mume wangu aliinuka akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona amesimama kwenye udongo mbichi wa kaburi, amevua kofia. Hakuna aliyemfuata.

Hakuniacha. Wengi mtauliza hilo. Tulirudi Soweto, tunakaa nyumba moja, tunakula meza moja. Zilipita kama wiki mbili ndipo akalizungumza, tena akiwa anapiga randa, hanitazami.

“Nilimwambia mama yangu yale maneno kwa sababu yako,” alisema. Randa ikaenda, ikarudi. “Lakini mdomo ulikuwa wangu.”

Hakulizungumza tena. Nami sijui kama amenisamehe, na sijamuuliza, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kuulizwa hayupo.

Kina mama wenzangu, na kina baba, mnaponunua kitu cha kumweka mtoto, msichague kwa macho kama nilivyochagua mimi. Kikanyageni breki, kisukumeni kwenye mteremko kikiwa kitupu, na kikionyesha dosari isemeni siku hiyohiyo, hata kama mwenzako atacheka, hata kama alikukataza. Kuchekwa kunapita.

Na kama kuna mtu leo amebeba kosa lako, mama mkwe, dada wa kazi, jirani, yeyote, usipange siku ya kumwambia. Mimi nilipanga. Nilikaa kwenye mkeka wake kutwa nzima, nikala chakula chake, nikaondoka nalo. Nenda leo, chakula kikiwa bado jikoni. Akikufukuza, umefukuzwa na mtu aliye hai, na kesho unaweza kurudi kugonga mlango wake.