Paji la Uso la Pweza

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba katika mapenzi ya kaka yangu na mkutubi, mimi sikutia mkono hata kidogo. Nilitia kichwa tu. Kila mara mkutubi alipomwazima kaka kitabu, mimi ndiye niliyekisoma, hata bwenini kwa kujificha, kisha kaka akapata muhtasari. Yeye ni fundi umeme; maisha yake yote alikuwa amesoma mita.

Likizo hiyo tulikuwa sebuleni kwa mkutubi, mimi nikila biskuti kwa unyenyekevu.

"Enhe, kitabu cha pweza umekionaje?" mkutubi akauliza.

"Ajabu! Kumbe ana mioyo mitatu," kaka akasema.

"Ulifika huko!"

"Nilifika mbali. Jike huchagua dume kwa kuhesabu mikunjo ya paji la uso."

Biskuti ikanikwama. Mioyo mitatu imo kitabuni. Mikunjo niliitunga mimi, kwa bahati mbaya.

"Hiyo iko ukurasa gani?"

"Kule... katikati."

"Fundi, kitabu umekifungua?"

Kaka akatazama swichi ya ukutani kana kwamba itamtetea.

"Sijakifungua."

"Na kile cha madaraja? Na cha usingizi?"

"Kuna rafiki hunisomea."

Mkutubi akasimama.

"Kutosoma si dhambi. Baba yangu hasomi na nampenda. Lakini miezi minne najiambia, huyu mwanamume anawaza kama mimi. Kumbe nachumbiwa na nani?"

"Na mimi!"

"Wewe sikujui. Nendeni salama."

Siku tisa hakupokea simu. Kaka akatengeneza taa yetu ya chooni. Ukibonyeza swichi yake, inawaka ya jikoni.

"Nitungie ujumbe wa kuomba radhi," akaniambia.

"Sitaki."

"Si wewe mwenye maneno?"

"Maneno yangu ndiyo yaliyokuponza, kaka."

Akaninunia. Kesho yake akaenda maktaba siku ambayo mkutubi hayupo, akaazima kitabu kuhusu radi. Jioni nikamkuta mezani, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza, kama mtu anayetafuta waya uliokatika. Siku ya tatu akatuma ujumbe bila kunionyesha. Nilijionyesha mwenyewe:

"Nimesoma kurasa kumi na moja. Mwandishi anasema ukiwa ndani ya gari kinachokukinga na radi ni bodi ya chuma si matairi. Miaka yote nawaambia wateja ni matairi. Nimeona aibu halafu nikafurahi sijui kwa nini. Nikatamani nikuambie wewe kwanza."

Akangoja jibu saa nzima. Kaka akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kisha simu ikalia.

"Ukurasa wa kumi na mbili unasemaje?"

"Sijafika."

"Njoo tufike wote."

Akaenda. Nami nikafuata, maana msichana wa heshima hamwachi kaka yake peke yake. Kaka alisoma kwa sauti, akijikwaa, akibishana na mwandishi kuhusu waya wa kupeleka radi ardhini.

"Huyu hajawahi kupanda paa!"

Mkutubi akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Sasa ndiyo nakusikia wewe," akasema. "Ukiniuliza tena lile swali lako la ndoa, nitajibu."

"Nakuuliza."

"Ndiyo."

Kaka akapoteza ukurasa. Mkutubi akamsaidia kuutafuta, kisha akasema polepole:

"Na yule rafiki yako nimemsamehe, ingawa ni mvivu. Kile cha pweza alisoma nusu tu."

"Nusu?" nikaruka. "Nilikisoma chote, mpaka faharasa!"

Kaka akafunika uso kwa kitabu.

"Ahaa," mkutubi akasema. "Karibu, wifi. Na ile mikunjo?"

Nikatafuta uongo mzuri. Kwa mara ya kwanza maishani, sikuupata.

"Haikuwa bahati mbaya. Nilimtega kaka. Kila Jumamosi ya likizo mlikaa mkizungumza mambo niliyoyapenda mimi, na mimi nikapewa biskuti."