Eda Ambayo Mama Hakukaa

Nina miaka sitini na minane, naishi Mjambere, Kisauni. Mama yangu tumemzika mwaka huu. Wasomaji wenzangu, ninayoyaandika hapa hata watoto wangu hawayajui...

Nilizaliwa Unguja. Mapinduzi yalinikuta mdogo, na nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa nikienda kambi ya vijana kila siku. Tulifundishwa kwamba mzazi wetu wa kweli ni Mapinduzi, na anayeyadhihaki ni adui, hata akiwa damu yako. Nikaamini. Mtoto asiamini vipi?

Baba alikuwa mtu wa mzaha. Siku moja alirudi mikono mitupu kutoka foleni ya chakula, akamwambia mama, "Wametugawia Mapinduzi. Sasa watugawie na mchele."

Kesho yake kambini tuliulizwa nani nyumbani ana maneno. Nikanyoosha mkono, nikayasema maneno ya baba. Nilipigiwa makofi! Jioni ile ile baba akachukuliwa.

Baada ya miezi mitatu kiongozi wetu wa kambi aliniita kando. Alisema baba ameshauawa, kwamba adui haliliwi, na nisimwambie mtu. Sikulia. Nilijiona shujaa...

Mama akatoroka nami hadi Mombasa. Hapa Kisauni aliuza mahamri akanilea. Wanaume wawili wa heshima walimposa. Wote aliwajibu kuwa yeye ni mke wa mtu. Kila Idi alifua kanzu ya baba, akaianika, nami namtazama. Ningesema amekufa, angeniuliza nimejuaje. Ningejibu nini?

Mwaka jana, alipoanza kuugua, nilimweleza yote. Aliomba aitwe ustadhi wa mtaa, akae eda kabla hajafa. Ustadhi akamfahamisha kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku habari zilipofika. Yake ilikwisha zamani, mimi ningali mtoto.

Mama alingoja ustadhi aondoke. Kisha akaniambia, "Baba yako walimuua wao. Nawe ulikuwa mtoto, hilo nimekusamehe. Lakini hii miaka hamsini, mwanangu, hukuwa mtoto."

Tangu siku hiyo nikimwamkia aliitikia marahaba, basi. Mpaka tukamzika.

Wazazi, msimkabidhi mtoto kwa siasa inayomfundisha kuwapeleleza watu wa nyumbani kwao. Na wewe unayejua mume au mwana wa mtu aliishia wapi, wallahi, kaseme leo. Mimi nilingoja hadi ukweli ukawa haumfai tena mwenyewe.