Jua Halikaushi Gel

Saluni ya Bibiche ilikuwa na meza moja, viti viwili na sanduku la chupa. Ilikuwa chini ya paa dogo la bati, mbele ya nyumba yao, mtaa wa Keshero, mjini Goma. Kila asubuhi Bibiche alifuta vumbi jeusi juu ya meza. Akapanga chupa zake kwa rangi, kisha akangoja wateja.

Baba yake, Papa Baharanyi, alikuwa karani katika ofisi ya meli zinazokwenda Bukavu. Kila asubuhi alipita mbele ya meza hiyo, koti limefungwa vifungo vyote.

"Kupaka makucha, ile ni kazi?" aliuliza.

"Ni kazi, Papa."

"Kazi ni bureau. Ao shamba."

Kisha alipanda pikipiki, akaenda. Tusimcheke sana Papa Baharanyi. Alikuwa mtu mwema. Ila alikuwa hajawahi kuona kucha zikimlisha mtu.

Mwezi ule nyumba nzima ilizungumza jambo moja tu, arusi ya Exaucée, dada mkubwa wa Bibiche. Zilibaki wiki tatu. Bibiche aliapa kwamba yeye mwenyewe atazipamba kucha za bibi arusi. Wageni watakuwa wengi. Kucha zikipendeza, mtaa wote utajua kwamba Bibiche ni fundi. Zikiharibika, pia mtaa wote utajua.

Jumatano dada hao wawili waliamua kufanya jaribio.

"Yaya, unataka ya namna gani?" Bibiche aliuliza. Yaya, kwao, ni dada mkubwa.

"Marefu. Mekundu. Batu bayaone toka ku mulango."

Bibiche alifungua sanduku. Vitu hivyo alivinunua sokoni Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Kila chupa na kila kopo viliandikwa neno moja kwa herufi kubwa: gel. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo sana. Bibiche hakuyasoma. Alisema moyoni, gel ni gel.

Alichukua kapsuli, yaani kucha ndefu za plastiki. Alizibandika kwa gel nzito kutoka kopo dogo. Juu yake akapaka gel hiyohiyo, nene, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Nyingine ikamwagikia ngozi. Kisha akabonyeza taa ya kukaushia. Haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatatu.

"Sasa tunafanya je?" aliuliza Exaucée, vidole vyote kumi hewani.

"Usiogope. Hii lampe inakaushaka na UV. Na jua iko na UV. Muteja wangu moja aliniambia."

Basi Exaucée akaketi juani saa nzima. Mikono aliiweka juu ya jiwe jeusi la volkano, kama mtu anayeanika sambaza, dagaa wa ziwani. Majirani walipita, wakacheka. Lakini juu ya kucha gel iligeuka ngumu, ikang'aa. Bibiche akapiga makofi. Hakujua kwamba chini yake gel ilikuwa bado mbichi.

Jioni mama yao alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Exaucée akasonga bugali. Alisonga kwa nguvu, kama siku zote, na tonge la mwisho akalifinyanga kwa mkono. Wakakaa mezani. Papa Baharanyi akasali, akamega, akatafuna. Ghafla akaacha kutafuna. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kitu chekundu.

"Hii ni nini?"

Bibiche aliinama, akatazama sahani yake.

"Niko nauliza. Hii ni nini?"

Exaucée alihesabu vidole vyake chini ya meza.

"Ni kucha yangu, Papa," alisema polepole. "Na kuko ingine mbili. Tafuta muzuri."

Papa Baharanyi alisukuma sahani. Siku hiyo alilala na njaa, naye ni mtu anayependa bugali.

"Bibiche, sikia," alisema. "Siku ya arusi, kama mikono ya Exaucée haiko muzuri, hii sanduku yote inaenda mu lac, ndani ya maji. Na weye utafuata miye ku bureau, kupanga makaratasi."

Bibiche alijua kwamba baba yake hatanii.

Asubuhi vidole vya Exaucée vilianza kuwasha. Ngozi iliyozunguka kucha ilikuwa nyekundu. Bibiche aliloweka pamba ndani ya acetone, dawa ya kutolea rangi ya kucha, akafunga vidole saba vilivyobaki na gel. Kucha nne zilitoka kirahisi, kwa sababu chini yake kulikuwa na utelezi mtupu. Tatu ziligoma. Alingoja nusu saa. Alingoja saa nzima. Gel ikawa inamtazama tu. Basi Bibiche akachukua kisu kidogo, akabandua. Pamoja na gel likatoka ganda la ukucha wenyewe.

"Wacha, Bibiche! Unaniumiza!"

Exaucée akalia. Bibiche naye akalia. Alihurumia dada yake, na aliona haya.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Yaya Sylvie. Alikuwa fundi wa kucha katika saluni moja ya mtaa wa Himbi, mwaka wa nane sasa. Bibiche alikuwa hajawahi kumuuliza kitu. Alimwona kama mshindani, na alitaka aonekane anajua. Siku nne zikapita hivyo. Jumatatu, siku ambayo Sylvie hupumzika, Exaucée alichoka kungoja. Akamshika mdogo wake mkono, akampeleka.

Sylvie hakutazama sanduku. Kwanza alivaa miwani, akatazama mikono.

"Bado inawasha?"

"Kidogo. Imepunguka," alisema Exaucée.

"Muzuri. Kama ingevimba, ao ingetoka maji-maji, ningekutuma ku centre de santé, kwa munganga, leo hii. Makucha yamekuwa mepesi kama karatasi, lakini itakomaa. Nani alibandua na kisu?"

Bibiche aliinua mkono.

"Leta ile sanduku," alisema Sylvie.

Akachagua chupa moja na kopo moja.

"Inamisha hii chupa. Unaona nini?"

"Inakimbia kama maziwa."

"Hii inaitwaka semi-permanent. Ni kama rangi ya mulango. Inapendezesha mulango, haiongeze mbao. Unapaka juu ya makucha ya mutu mwenyewe, inakaa wiki mbili, ao tatu. Kuitoa ni na acetone. Unasugua juu kidogo na lime, ile tupa ya makucha, unafunga na pamba dakika kumi na tano, inalegea yenyewe. Sasa inamisha ile kopo."

Bibiche aliinamisha. Gel haikukimbia. Ilikaa palepale, kama asali ya baridi.

"Ile ni gel ya kujenga," Sylvie alisema. "Inaongezaka nguvu na urefu. Mingi yake haiyeyukake na acetone, hata ukingoja mupaka Noeli. Unaipunguza na lime, pole pole, na hauguse ukucha wenyewe."

"Kumbe njo sababu ilikataa!"

"Ingekubali je? Haikutengenezewa ile."

"Na kapsuli?" aliuliza Exaucée, ambaye bado alizipenda.

"Kapsuli ni ya kurefusha. Iko na gel yake ya kubandikia. Ingine inatokaka na acetone, ingine hapana. Chupa njo inasemaka. Ile maandishi madogo, Bibiche, wanaiandikaka juu ya weye uisome."

Bibiche aligeuza kopo, akayatazama maandishi hayo. Lilibaki swali moja, na aliliogopa.

"Na jua, Yaya?"

Sylvie alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa makini.

"Lampe iko na kipimo. Chupa inasema sekunde sitini, unaweka sekunde sitini, gel inaiva yote. Jua haina kipimo. Inakausha juu, chini inabaki mbichi. Ile mbichi njo inaguza ngozi, njo inawasha. Kuna batu banapata allergie ya maisha yote, habaguse tena gel. Mulikuwa na bahati."

"Nilikuwa naona haya kukuuliza," alisema Bibiche.

"Kuuliza si ujinga, mudogo wangu. Kuya kwangu kesho, nikitoka ku kazi."

Bibiche alienda kesho yake, na siku zote zilizofuata. Alijifunza kwenye kapsuli tupu, si kwenye vidole vya watu. Alijifunza kupaka gel nyembamba, tena nyembamba zaidi. Alijifunza kufuta iliyogusa ngozi kabla ya kuwasha taa. Nyumbani alibandika karatasi kwenye kila chupa. Aliandika ni gel gani, inakaa sekunde ngapi kwenye taa, inatolewa kwa nini. Chupa ambazo hakuzielewa aliziweka pembeni, hata ile ya waridi aliyoipenda kuliko zote.

Exaucée alikata kucha zake fupi. Hakupaka gel yoyote. Kila jioni alizisugua kwa mafuta, na alifua akiwa amevaa glavu. Mwasho ukaisha kabisa. Jumanne ya wiki ya arusi, Bibiche alipaka semi-permanent kwenye kidole kimoja tu, kidole kidogo. Wakangoja. Mpaka Ijumaa hakikuwasha.

"Kama ingewasha?" Exaucée aliuliza.

"Ungeolewa umepakwa vernis, ile rangi ya kawaida, na hakuna mutu angekufa."

Ijumaa mchana, umeme ukakatika tena. Exaucée aliangalia jua, halafu akamwangalia mdogo wake. Bibiche alikuwa amekwisha kubeba taa yake kwapani.

"Twende kwa Darius."

Darius alikuwa na kibanda cha kuchajia simu, penye paneli za sola na batri kubwa. Bibiche alichomeka taa yake katikati ya simu za mtaa mzima. Ikawaka buluu.

"Tuweke kapsuli, kidogo tu," Exaucée alinong'ona.

"Hapana, Yaya."

"Bibiche, ni arusi yangu!"

"Najua. Lakini makucha yako ingali mepesi. Kapsuli itayavuta, na kesho utagabula chakula kwa wakwe na hii mikono. Nitakufanyia mafupi, mekundu. Nikikubali leo, utanilaumu kesho."

Exaucée akaziangalia kucha zake nyepesi. Sauti hiyo hakuwahi kuisikia kwa mdogo wake.

"Sawa, fundi," alisema, akanyoosha mikono.

Bibiche alinawa. Alipaka base nyembamba, ile gel ya chini, akaiweka kwenye taa. Rangi, taa. Rangi tena, taa. Kisha gel ya kung'arisha, na taa mara ya mwisho. Waliokuja kuchukua simu zao walisimama kutazama. Mmoja alisahau simu yake.

Jumamosi, baada ya misa, wageni walijaa ukumbini. Desturi ya familia ile ni hii: bibi arusi huwanawisha wakwe mikono, kisha huwagawia bugali na samaki yeye mwenyewe. Exaucée alipita meza kwa meza na jagi la maji. Akafika kwa Mama Gisèle, shangazi wa bwana arusi. Mama huyo alikuwa ameuza sambaza miaka ishirini, na jicho lake liliogopwa na ukoo wote.

Mama Gisèle hakunawa. Alimshika Exaucée mkono, akauinua karibu na uso. Akakwangua ukucha kwa ukucha wake. Akabonyeza ncha. Watu wa meza zote wakageuka.

"Nani alifanya hii?"

Bibiche alisogea mbele. Kabla hajafungua mdomo, kiti kilikwaruza sakafu. Papa Baharanyi alikuwa amesimama.

"Ni mutoto wangu Bibiche," alisema kwa sauti ya kanisani. "Alikosea, akaenda kujifunza. Sasa anajua."

Sylvie, aliyekaa nyuma kabisa, alipiga vigelegele wa kwanza. Ukumbi mzima ukamfuata. Bibiche alifurahi, akapiga makofi pamoja nao.

Mama Gisèle aliinua mkono, watu wakatulia.

"Juma ijayo unifanyie," alimwambia Bibiche. "Marefu kabisa!"

"Mama, mikono yako inafanyaka kazi gani?"

"Unajua ninauzisha sambaza. Tangu asubuhi iko mu maji na mu chumvi."

"Basi kwanza nione makucha yako. Urefu tutaongea kisha."

 Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumwambia Mama Gisèle asubiri. Mama Gisèle alimkazia macho binti yule. Kisha akacheka, akavua pete zake mbili, akaweka mikono yake yote juu ya meza mbele ya Bibiche.